Mbolea ya Moto Chini ya Avoka

Nilipomaliza shule ya sekondari, sehemu ya biokimia, kwa asilimia ambayo naomba usiniulize, nilipata kazi mara moja. Kazi yenyewe ilikuwa kukaa. Vita vilikuwa vimefika Butembo, mji wetu, kwa mara ya pili, na kijana yeyote aliyeonekana barabarani na mabega yake alitwikwa sanduku la risasi alipeleke kule lilikokuwa likienda. Wengine walienda nalo wasirudi. Mama akaamua kwamba mabega yangu hayatavuka uzio wa parsele yetu, kiwanja chetu cha Bulengera. Vijana wengine wa mtaa walilia kwa kufungiwa nyumbani. Mimi nilitafuta kiti.

Kilikuwa kiti cha mbao chenye mguu mmoja mfupi. Nikauwekea kipande cha tofali, nikakisogeza karibu na moto jikoni, mahali ambapo simbilisi wetu, vile vinyama vidogo tunavyofuga humo humo jikoni, walikuwa wakipita kati ya miguu yangu wakitafuta maganda ya viazi. Nilikaa pale karibu miaka mitatu. Majirani waliniita Madame. Sikuwakasirikia, kwa sababu kukasirika kungenilazimu nisimame.

Tulikuwa watatu katika parsele: mama, mimi, na bibi wa kaka yangu, yaani mke wake. Baba alikuwa amekwisha kufa. Kaka alikuwa anauza chumvi na sabuni mjini Beni, na kila barabara ilipofungwa, leo na hawa, kesho na wale, alibaki huko huko. Aliweza kukaa miezi minne bila kuja, kisha akaja kwa siku tatu, akala, akalala, akaondoka na lori la kwanza.

Nyuma ya jiko kulikuwa na mti wa avoka, yaani parachichi, ambao baba aliupanda mwenyewe. Ulikuwa mrefu, wenye majani mazuri mazito, na haukuwahi kuzaa hata tunda moja la kuonja. Mama alikuwa ameupigilia misumari sita yenye kutu, kama watu wanavyofanya kwetu ili mti mvivu ushtuke. Haukushtuka. Kila nilipoiangalia ile misumari nilimshukuru Mungu kwamba uvivu wangu haukuwa wa namna ile.

Shemeji yangu naye alikuwa na miaka mitatu kwetu bila mimba. Alikuwa mtoto wa wakulima wa Masereka, watu wanaojua udongo kama mimi ninavyojua sufuria, na mikono yake haikutulia. Mama hakumpenda tangu mwanzo, ila alikosa mahali pa kushika. Mwaka wa tatu alipata. Jumapili moja, akina mama waliokuwa wametoka naye misani wakiwa wameketi uani, alimwita shemeji, akamwonyesha ule mti, akasema bila kupandisha sauti:

«Hii mti hapana zaa, na weye hapana zaa. Nakupatia mwenzako. Muangaliane.»

Akina mama wakacheka. Ukweli ni kwamba mimi ndiye niliyeanza kucheka, wao wakanifuata. Tena sikuishia hapo. Toka siku ile niliwabatiza Mapacha, na kila asubuhi, nikiwa kitini, nilimuuliza shemeji Mapacha wameamkaje. Kwetu shemeji ni mtu wa kutaniwa, hilo lilinipa ruhusa. Naye alijibu huku akifagia mavi ya simbilisi chini ya miguu yangu:

«Mumoja amesimama. Mwingine naye amesimama. Ni weye tu njo umekaa.»

Nilidhani tunacheza.

Mwanzoni mwa kiangazi kile mama aliacha kucheka. Dada zake walikuwa wanamuuliza wajukuu wako wapi, na nadhani alichoka kuulizwa. Akamwambia shemeji mbele yangu, akiwa anamenya viazi:

«Kama hii avoka hapana toa maua ku hii saison ya mvua, nyinyi wote wawili mutatoka ku parsele. Yeye ku moto, weye kwa baba yako.»

Shemeji aliendelea kukuna sufuria. Mama alipotoka, akasema polepole, kana kwamba anaiambia sufuria yenyewe: «Bwana iko Beni, na mimba banaitafuta Butembo.»

Nilicheka tena. Lilikuwa neno zuri na nikatamani kama ningelisema mimi.

Basi shemeji akauchukua mti kama mtu anavyochukua mgonjwa. Hakuwa na namna ya kumleta bwana kutoka Beni, wala hakuwa na namna ya kupanga tumbo lake mwenyewe, lakini mti aliujua. Kila asubuhi alifagia samadi ya simbilisi, akaishusha hadi chini ya mteremko karibu na migomba, akaichanganya na majivu na magugu, akaifunika kwa majani ya mgomba. Hapo aliiacha ioze. Kila juma aliigeuza kwa jembe. Ilipofika miezi mitatu ilikuwa nyeusi, baridi, inanukia kama udongo wa msituni, na aliniletea kiganja kimoja kitini ninuse. Nikamwambia napenda zaidi harufu ya maharage.

Mvua zilipokaribia, mama akaanza kumtuma shamba la bondeni kila siku, toka alfajiri hadi jua kuzama. Sijui kama alifanya kusudi. Najua tu kwamba shemeji hakubaki hata na saa moja ya mchana ya kuwa karibu na mti wake. Ndipo akaja mbele ya kiti changu, akachuchumaa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwangu, maana mimi ndiye niliyekuwa mdogo.

«Shemeji, nasikia haya kukuomba. Kesho uchimbe duara ku mti. Hatua moja na nusu toka ku shina, hapana karibu. Uweke ile mbolea ya chini ya migomba, ile ya zamani. Ile tu. Mvua ikinyesha bila mbolea, miye nimeisha.»

Nikamuuliza kwa utani mtu wa biokimia anafundishwaje mambo ya mbolea na mtu wa Masereka. Hakutabasamu. Akasema: «Ni hii mti njo inabakia kunisemea.» Nikaahidi.

Sasa nikueleze parsele yetu. Butembo ni vilima, na parsele yetu ilikuwa imelala ubavuni mwa kilima kama mtu anayekaribia kuanguka kitandani. Jiko na avoka vilikuwa juu, migomba na mbolea chini kabisa. Kupandisha mbolea ile kwa ndoo kungehitaji safari ishirini. Nilikwenda mara moja kuangalia. Nikahesabu hatua za kupanda, nikarudi kukaa nifikiri.

Nikiwa bado nafikiri, jirani yetu akaniita kwa juu ya uzio. Alikuwa mwalimu kutoka Kasai, aliyeletwa na serikali zamani, kisha serikali ikamsahau huku, akawa anaishi kwa kufuga kuku wa mayai. Juzi yake askari waliopiga kambi kwenye shule yake walikuja kumtembelea. Walimaliza kuku wote mchana mmoja, wengine waliwala, wengine waliwabeba wakiwa hai wamefungwa miguu, na mwalimu mwenyewe walimpiga kwa sababu jogoo mmoja aliruka uzio. Jicho lake moja lilikuwa bado limefumba. Aliniambia kwa ile Swahili yake ya shule:

«Wamenibakishia mavi tu, kijana. Magunia manne. Kama yanakufaa, yachukue, mimi sina tena sababu ya kuyaangalia.»

Magunia yalikuwa pale pale uzioni, hatua kumi kutoka kwenye mti. Nikaona kama Mungu amenihurumia miguu. Samadi ya kuku ina azoti, yaani naitrojeni, nyingi kuliko ya simbilisi, hilo nililijua, nilikuwa nimelisoma. Na kama kidogo ni kizuri, kingi ni kizuri zaidi. Nikayapitisha magunia manne juu ya uzio. Duara sikuchimba, maana udongo wa kiangazi ulikuwa mgumu kama tofali. Nikayamwaga yote kuzunguka shina, yakaupanda mti hadi magotini, yakiwa mabichi, bado na manyoya ya kuku waliokwisha kuliwa. Nikamwagia maji yashuke vizuri, nikafunika kwa udongo kidogo na nyasi ili kazi ionekane safi. Kazi haikuchukua hata saa nzima. Nikarudi kitini nimetosheka.

Na ile mbolea ya miezi mitatu? Nikapitisha jembe juu ya majani ya mgomba, nikaitawanya kwenye migomba ili lundo lisionekane. Kwa hilo sikuhesabu hatua. Kushuka hakujawahi kunichosha.

Katika daftari langu la mwaka wa tano kulikuwa na somo la uchachukaji, namna vitu vibichi vinapooza vinavyotoa joto. Nilikuwa nimelichora vizuri, kwa kalamu nyekundu ya biki. Mwalimu aliniandikia hongera.

Jioni shemeji alirudi amechoka, akakuta udongo umefunikwa, lundo halipo. Alinishukuru kwa mikono miwili. Siku ile alinichomea mahindi mawili. Niliyala yote mawili.

Siku ya tisa majani yakaanza kuwa na ukingo wa rangi ya kahawia, kama karatasi iliyopitishwa karibu na moto. Siku ya kumi na mbili yalikuwa yanaanguka. Nilikuwa jikoni, nikamwona kupitia mlango. Alipiga magoti chini ya mti, akaondoa nyasi, akaufukua udongo kwa vidole, akaingiza mkono. Akautoa haraka. Akaupangusa kwenye kitenge chake, mgongo wake ukiwa kwangu. Nikainama kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

Alichukua jembe akaikwangua mbolea yote akaisukuma mbali, kisha akaanza kuchota maji kwenye chemchemi kwa dumu la plastiki, bidoni baada ya bidoni, akiyamwaga kwenye mizizi. Alifanya hivyo siku tatu, kabla ya shamba na baada ya shamba. Mama alimwangalia akiwa mlangoni, mikono kiunoni.

«Unaogesha maiti?» akamuuliza.

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Naweza kuionyesha kama mtu anavyoonyesha jiwe alilojikwaa: mama mlangoni, shemeji na bidoni, mimi kitini, moto katikati. Ningesema, mama, ni miye, ni mavi ya kuku ya mwalimu. Maneno yasingemaliza hata pumzi moja. Lakini nilimjua mama. Angenitoa kwenye kile kiti, angenipa jembe na njia ya bondeni, na bondeni ndiko askari walikokuwa wakiokota vijana. Nilijiambia hivyo, kwamba ni suala la kufa na kupona. Leo nadhani nusu yake ilikuwa askari. Nusu nyingine ilikuwa kiti.

Mama alituma habari Beni kwa dereva wa lori, kwamba anamrudisha shemeji kwao. Kaka alijibu kwa kikaratasi alichokikata kwenye boksi la sabuni: fanyeni kama mama anavyoona. Mama hakujua kusoma, mimi ndiye niliyemsomea. Nilisoma vizuri, kwa sauti, shemeji akiwa anapanga kuni.

Shemeji akaondoka Jumatano asubuhi, pamoja na akina mama wa vikapu waliokuwa wanarudi upande wa Masereka. Juma lile watu walikuwa wanasema barabara si nzuri, kwamba kuna barieri, kizuizi cha barabarani, ya askari, halafu mbele kuna ya maimai, wale wapiganaji wa msituni, na kwamba kwa wanawake zote mbili zina bei moja. Mama alisema barabara ni ile ile aliyoijia. Alimpa sufuria yake ndogo na jembe lake. Mbuzi wa mahari hakuwadai, kwa sababu ukoo wa Masereka ungemjibu kwamba mbuzi wale vita vimekwisha kuwala, na ingekuwa kweli.

Niliagizwa nimsindikize hadi barabara kubwa. Nilimsindikiza hadi mlango wa uzio. Akatua sufuria, akanigeukia. Akina mama wa vikapu walikuwa wanamwita aharakishe. Akaniangalia usoni kwa utulivu, akaniuliza:

«Shemeji, iko kitu unataka kuniambia?»

«Safari njema,» nikasema.

Aliinua sufuria. Niliporudi jikoni simbilisi mmoja alikuwa amelala juu ya kiti changu, nikamwondoa.

Miezi minne baadaye, avoka ilitoa maua.

Sijawahi kuona mti ukichanua namna ile. Haukuwa na majani hata ya kumfunika ndege, lakini kila kijiti kilijaa maua, na baada ya maua yakaja matunda, mengi hata matawi yakainama, tukayategemeza kwa miti ya kuegemezea maharage. Mama aliwaita wale wale akina mama wa Jumapili. Akawagawia avoka kwenye sahani, na chumvi. Akasimama chini ya mti, akagusa msumari mmoja wa kutu, akasema kwa furaha ya mtu aliyeshinda kesi:

«Si munaona? Ametoka, mti imefunguka. Ni yeye njo alikuwa naifunga.»

Wote wakakubali. Nilikuwa na avoka mkononi. Ilikuwa ndogo, yenye nyuzi nyuzi, lakini nilikuwa nimekwisha kutia chumvi, nikala.

Habari za matunda zikawafikia askari wa shuleni. Wakaja wakapanda, wakavunja matawi, wakajaza kofia zao. Mama akawaangalia tu. Kabla ya kiangazi kilichofuata mti ulikauka toka juu hadi chini. Tuliukata kuni. Misumari ilikwama kwenye shoka, nikapata sababu ya kupumzika mara sita.

Vita vilipotulia kidogo, kaka alikuwa amekwisha kuoa mwingine huko Beni. Mwaka wa pili ulikuwa unakwisha na tumbo la huyo lilikuwa bado kimya. Mama akasema anataka amwone kwa macho yake mwenyewe, akanituma nikamlete. Ilikuwa safari yangu ya kwanza nje ya Butembo tangu diploma ya sekondari. Nilitapika toka lori lilipoanza kuteremka mpaka Beni, watu wakanicheka kwa haki.

Sokoni Beni, wakati nikimngojea bibi huyo wa pili anunue vitu vya njia, nikaona mwanamke ameketi nyuma ya miche iliyopandwa katika makopo ya mafuta ya kupikia: michungwa, mipera, avoka. Kabla sijauona uso niliijua mikono. Mgongoni mwake hakukuwa na mtoto. Najua wasomaji wangependa awepo, ili kaka aumbuke na kila mtu apate haki yake. Hakuwepo, na sikuuliza. Kwenye shingo alikuwa na kovu ambalo hakuondoka nalo kwetu. Hilo pia sikuuliza.

Aliniangalia, akasogeza kopo moja kunipa nafasi ya kuchuchumaa.

«Madame,» akasema. «Ulipata wapi miguu?»

Nikacheka kwa nafuu. Nikamwambia habari za mti, mbio mbio, namna ulivyozaa hadi matawi yakavunjika. Nadhani nilidhani nampelekea zawadi. Aliendelea kunyunyizia miche maji.

«Ile haikuwa kuzaa,» akasema. «Uliichoma mizizi. Mti ikijua inakufa, inatupa matunda yote mara moja. Hata mutoto wa Masereka anajua.»

Basi alijua. Nikamuuliza kwa nini hakumwambia mama.

«Nilitia mukono, ilikuwa moto sawa uji. Manyoya ya kuku ndani.» Akaniangalia sasa. «Mama angemwamini nani? Weye njo mutoto wa nyumba. Nilikungojea uongee. Nikakungojea siku tatu na bidoni. Nikakungojea mupaka ku mulango.»

Nilitaka kusema samahani. Nikasema naomba mche mmoja wa avoka.

Aliuchagua mwenyewe, akaugeuza uone jua, akauchagua mwingine ulio bora. Alinieleza namna ya kuupanda, kama alivyonieleza mara ya kwanza, kwa maneno yale yale, bila hasira. Kisha akaongeza moja: «Na mbolea, hapana guse weye.» Mteja mwingine akaja, akamgeukia.

Tulifika Butembo mchana. Mama alimkagua bibi wa pili toka kichwani hadi miguuni, macho yakabaki katikati. Kisha akaliona kopo mikononi mwangu, akauliza avoka hii imetoka wapi.

«Beni, sokoni,» nikasema.

Akafurahi. Akasema mahali pa ule wa zamani bado pako wazi, kwamba ule ulikuwa mti mzuri, ila yule mwanamke wa Masereka aliufunga, na siku aliyotoka tu nyumba ilipumua. Alikuwa ananiangalia akisubiri niitikie, kama kawaida yetu.

«Njo vile, mama,» nikaitikia.

Akalichukua kopo mikononi mwangu, akampa yule bibi wa pili, ambaye alikuwa bado hajatua mizigo. «Hii ni yako,» akamwambia. «Uiangalie, nasi tutakuangalia.»

Dada wa watu alilipokea kwa mikono miwili na kupiga goti, akidhani ni heshima anapewa. Nikaingia jikoni. Kiti changu kilikuwa pale pale, tofali lake chini ya mguu. Kabla sijakaa vizuri alikuja mlangoni na kopo lake, akaniuliza mimi mwanaume wa nyumba mbolea kwetu tunaiweka umbali gani.

Nikatoka nikamwonyesha kwa miguu yangu mwenyewe. Hatua moja na nusu. Ni hilo tu nililolisema.